Mwongozo kamili: kutumia video fupi kupata wateja wa kazi za ubunifu (nasema wateja, sio umaarufu)

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2021 niliposti video ya sekunde 20 naigiza mteja anayesema "badilisha kidogo tu" kwa mara ya kumi na tano, ikapaa, watu laki mbili na kitu wakaiangalia, simu inatetemeka mpaka chaji inaisha, nikajisemea sasa nimetoka. Mwisho wa wiki nikakaa kuhesabu kazi zilizoingia. Sifuri. Waliokuwa wanacheka kule kwenye komenti karibu wote walikuwa mafundi grafiki wenzangu, na fundi mwenzako hakupi kazi, anakuuliza umetumia fonti gani. Miezi kadhaa mbele nikaposti video ya lebo ya asali, kopo la nusu lita, ya kawaida kabisa hata muziki haina, ikaangaliwa na watu 1,900, wanne wakaandika inboksi "bei gani?" na wawili kati ya hao mpaka leo nafanya nao kazi.

Tangu siku hiyo nahesabu "bei gani", watazamaji siwahesabu tena. Na huu mwongozo wote umekaa hapo: video inayomfikia mtu mwenye shida unayoitatua, halafu akifika akukute umejiandaa. Natumia mifano ya grafiki kwa sababu ndo kazi inayonilisha hapa Dar, ila kama wewe ni mpiga picha, unashona, unachora hina, unapamba keki, we badilisha tu vifaa, njia ni ile ile.

Kwanza elewa kwa nini hizi video zinamfaa mtu asiyejulikana

Zamani kidogo ukiposti picha Instagram waliokuwa wanaiona ni wafuasi wako, na wafuasi wako ni shemeji zako na uliosoma nao. TikTok (iliyomeza Musical.ly Agosti 2018) ikaja na utaratibu mwingine, video yako inapelekwa kwa kikundi kidogo cha watu wasiokujua, wakiiangalia mpaka mwisho au wakiirudia au wakiituma kwa mtu, inapelekwa kwa kikundi kikubwa zaidi, wakiipita inaishia hapo. Instagram wakaiga na Reels Agosti 2020, YouTube nao wakaisambaza Shorts dunia nzima 2021. Kwa hiyo leo mtu mwenye wafuasi 80 anaweza kumfikia mama anayesindika karanga Singida ambaye hajawahi kumsikia. Hiyo ndo nafasi yenyewe.

Ila kumbuka hilo algoridhimu (huo mtambo unaochagua nani aonyeshwe video ipi) kazi yake ni kumfanya mtu asitoke kwenye programu, halijui kama wewe una kodi ya nyumba. Litakupongeza kwa kichekesho kuliko kwa lebo. Usikubali likufundishe kazi.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja na shida yake ya mwezi huu

"Natengeneza logo, kadi, mabango, fulana, kila kitu" haimuiti mtu yeyote. Andika sentensi moja yenye mtu na kitu. Yangu ni: natengeneza lebo za bidhaa kwa wajasiriamali wadogo. Kadi za harusi nafanya pia na zinanipa hela, ila kwenye ukurasa sizitangulizi, ukijulikana kwa kimoja watu watakuuliza vingine wenyewe.

Sasa angalia kalenda, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela kizembe. Sabasaba, yale maonyesho ya biashara ya Dar, ni Julai, maana yake kuanzia Mei huko mwenye achari, mwenye sabuni ya mwani, mwenye unga wa lishe anahangaika na lebo na bango la kusimamisha kwenye banda. Ukiposti video ya lebo tarehe 5 Julai umechelewa, yeye yuko viwanjani Kilwa Road tayari na lebo mbaya aliyochapisha usiku. Baada ya hapo inakuja Nanenane, ya wakulima. Harusi nazo zina msimu wake, Wakristo wanakimbizana kabla ya Kwaresma na mwezi wa kumi na mbili, Waislamu kabla ya mfungo na mara tu baada ya Idi, na kadi za michango zinatakiwa miezi mitatu minne nyuma ya harusi yenyewe maana bila kadi kamati haina cha kusambaza. Mwisho wa mwaka kuna kalenda na shajara za maofisini. Chora mwaka wako kwenye karatasi, kila tukio rudi nyuma wiki sita mpaka nane, hapo ndo unaanza kuposti.

Kama hujui shida za wateja wako, nenda kawasikilize. Mimi nilikaa Kariakoo kwenye duka la rafiki yangu anayeuza chupa na vifungashio siku mbili nzima, nikiandika tu maswali ya wanunuzi. "Lebo ikilowa maji itatoka?" "Lazima niwe na namba ya TBS (wale wa viwango) ndo nichapishe?" "Nina chupa 50 tu, mtanichapia?" Yale maswali yalinipa video za miezi miwili. Mtu anayeuliza vile hana shida ya fonti jamani, ana shida ya chupa zake 50.

Hatua ya 2: Panga duka kabla watu hawajaja

Video ikipaa huku bayo yako (yale maelezo mafupi chini ya jina la akaunti) imeandikwa "ndoto zangu ni kubwa" umewapoteza. Kabla hujaposti hata moja, fanya haya leo jioni:

Jina la akaunti liwe na kazi ndani yake, mfano jina lako kisha "lebo", kwa sababu watu sa hivi wanatafuta TikTok kama wanavyotafuta Google. Picha iwe uso wako au kazi yako, sio simba. Bayo iseme unafanya nini, uko mji gani, bei inaanzia ngapi, na wakupateje. Kuhusu bei kuna ugomvi, wapo wanaosema usiitaje utawakimbiza. Mimi naitaja. Anayekimbia kwa kuona 60,000 angekimbia tu baada ya kukuchosha inboksi dakika arobaini.

Linki ya WhatsApp: Instagram inakubali tangu siku ya kwanza, TikTok akaunti ya kawaida mara nyingi inakusubirisha mpaka wafuasi 1,000, kwa hiyo huko unganisha Instagram yako kwanza, mtu apite hapo. Tumia WhatsApp ya biashara, ni bure, ina sehemu ya katalogi na ina majibu ya haraka unayoyahifadhi ili usiandike bei zile zile mara 30 kwa siku. Na laini ya kazi iwe tofauti na ya nyumbani kama unaweza, siku moja utanishukuru saa sita usiku.

Halafu bandika juu video tatu, moja ya kazi yako bora, moja inayoeleza bei na utaratibu, moja ya mteja na bidhaa yake ikiwa imekamilika. Mgeni anaangalia hizo tatu anaamua.

Hatua ya 3: Vifaa (nitapita haraka, maana hapa ndo watu wanajificha)

Nimewahi kuambiwa na vijana wengi "nasubiri ninunue kamera". Kili Paul, yule kijana wa Kimasai wa hapa Tanzania, na dada yake Neema walikuwa wanajirekodi nje kwao, nyuma ni vichaka, wakiigiza midomo ya nyimbo za Kihindi, na Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Tanzania ukampa Kili heshima rasmi. Njia yao ni ya burudani, sikwambii uigize nyimbo, nasema tu simu ilitosha.

Unahitaji simu, dirisha na kitu cha kushikilia simu. Futa kioo cha kamera na shati, siku zote, mafuta ya vidole ndo yanafanya video ionekane ina ukungu. Kaa dirisha likiwa mbele yako au ubavuni, sio mgongoni. Kurekodi mikono kutoka juu, weka viti viwili, ubao katikati, simu ichungulie pembeni ya ubao imekandamizwa na vitabu, nimefanya hivyo mwaka mzima kabla sijanunua stendi. Kurekodi skrini ya kompyuta tumia programu inaitwa OBS, ni ya bure.

Hela ya kwanza ukiipata nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Watu wanavumilia picha mbaya, sauti mbaya hawavumilii. Kama huna, rekodi sauti baadae ukiwa umejifunika kitenge kichwani au ndani ya kabati la nguo, nguo zinameza mwangwi, cheka tu lakini inafanya kazi. Na usirekodi mvua ikinyesha juu ya bati.

Bando: edit bila intaneti, pandisha usiku kwa kifurushi cha bei ndogo au kwenye Wi-Fi ya mtu. Umeme wa kwetu unaujua mwenyewe, kwa hiyo kila ukimaliza kurekodi hamishia kwenye kompyuta kabla hujalala.

Hatua ya 4: Kazi moja itoe video nne

Watu wanachoka kwa sababu wanatafuta wazo jipya kila siku. Usitafute wazo. Ukipata kazi, hata ndogo, rekodi kila kitu tangu mwanzo: chupa ilivyokuwa, mchoro wa penseli, skrini ukihangaika, karatasi ikitoka kwenye printa, mkono ukibandika. Kwenye hiyo kazi moja utatoa:

Ya kwanza, kabla na baada. Hii ndo mfalme. Ya pili, swali moja la mteja ulilojibu wakati wa kazi (ile ya lebo kulowa, unaiweka kwenye maji mbele ya kamera, unasubiri, unaisugua). Ya tatu, kwa nini bei ni hii, unaonyesha saa zilivyokwenda wapi. Ya nne, mwenye bidhaa akiipokea, na hii usimlazimishe kuongea, watu wetu wakiona kamera wanaanza kuongea kama wanasoma taarifa ya habari, we mrekodi tu akiwa anaigeuzageuza chupa na kutabasamu.

Huna kazi bado? Nunua bidhaa za kawaida sokoni, ubuni lebo yako mwenyewe kwa jina ulilotunga. Tahadhari moja hapa: usichukue lebo ya biashara ya kweli ukaisema mbaya mbele ya watu. Najua zile video zinapendwa, "tazama hii logo ilivyo mbovu". Yule mwenye logo ni mama wa watu ana familia, na wateja wako watarajiwa wanaofanana naye wanatazama wakijiambia huyu siku moja ataniumbua na mimi.

Na omba ruhusa kabla ya kuonyesha kazi ya mteja, iandike kabisa kwenye makubaliano. Kadi za michango ndo hatari zaidi, zina majina ya familia, namba ya mweka hazina, namba ya kutumia hela. Nilimuona fundi mmoja kaposti kadi nzima hivyo hivyo, mtu akachukua lile jina akaanza kuchangisha kwa namba yake. Ficha namba zote. Zaidi ya uungwana, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ambayo ilianza kutumika Mei 2023, sio mchezo tena.

Hatua ya 5: Andika kabla hujarekodi

Sekunde mbili za kwanza ndo kila kitu. "Habari zenu wapendwa, naitwa fulani, leo nimewaletea..." ukifika kwenye "wapendwa" mtu kashapita. Anza na shida yenyewe au matokeo yenyewe, salamu weka kwenye komenti.

Khaby Lame, yule kijana wa Italia mzaliwa wa Senegal, alianza 2020 baada ya kupoteza kazi kiwandani, na Juni 2022 akawa na wafuasi wengi kuliko mtu yeyote TikTok, karibu bila kusema neno. Ukizima sauti video zake unaelewa kila kitu. Mimi kila script naipima hivyo: nikizima sauti, mama mwenye karanga ataelewa? Wengi wanaangalia kwenye daladala sauti imezimwa.

Hii hapa script ya ile video ya asali, nimeinyoosha kidogo:

Sekunde 0 mpaka 2: makopo mawili ya asali mezani, moja la lebo ya zamani iliyofifia, jingine jipya, mkono unayasogeza karibu. Maandishi: "Asali ni ile ile. Unachukua ipi?"

Sekunde 3 mpaka 9: kopo la zamani karibu kabisa. Sauti: "Huyu mteja wangu asali yake ni nzuri, tatizo mtu akisimama dukani hawezi kusoma hata jina, maandishi ya njano juu ya asali ya njano."

Sekunde 10 mpaka 22: penseli, skrini, printa, harakaharaka. Sauti: "Nikabadilisha vitu vitatu. Rangi ya nyuma ikawa nyeusi. Jina nikalikuza lisomeke ukiwa hatua tatu. Na uzito na tarehe nikazipa sehemu yake, sio kugonga muhuri juu ya jina."

Sekunde 23 mpaka 30: lebo inabandikwa, kopo linazungushwa dirishani.

Sekunde 31 mpaka 35: "Kama una bidhaa na lebo yake inakuaibisha, niandikie neno LEBO inboksi."

Basi. Haina msamiati mgumu, haina "utambulisho wa chapa". Mwisho kuna ombi moja tu. Ukimwambia mtu afuate, apende, akomenti, ashee, na aingie kwenye linki, hatafanya hata moja.

Lugha: ongea kama unavyoongea na mteja dukani. Kama wateja wako wako Mombasa ongea cha Mombasa, kama wako Arusha usijilazimishe lafudhi ya Masaki. Kiingereza weka kama kweli unatafuta wateja wa nje, na hapo fanya akaunti nyingine.

Hatua ya 6: Kuedit

CapCut au InShot, chagua moja uizoee. Video iwe ya wima, 1080 kwa 1920. Kata pumzi zote na "eeeh" zote. Maandishi ya kwenye skrini andika mwenyewe au yakague neno kwa neno, yale yanayojiandika yenyewe kwa Kiswahili yanaharibu majina vibaya sana. Yasikae chini kabisa wala ubavu wa kulia, huko kuna kapsheni na vitufe vya kupenda, yatafunikwa.

Muziki uangalie. Ukigeuza akaunti ya TikTok kuwa ya biashara unaruhusiwa nyimbo za maktaba ya kibiashara tu, zile zinazotamba utazikosa, na ukizilazimisha kwa njia ya panya video inaweza kuzimwa sauti. Mimi natumia sauti ya kazi yenyewe, mkasi, printa, karatasi ikichanwa. Watu wanaipenda kuliko nilivyotegemea.

Kabla hujaposti popote hifadhi nakala safi. Ukipakua video yako kutoka TikTok ikiwa na ile alama inayorukaruka ukaipeleka Instagram, Instagram walishasema tangu 2021 kwamba video za hivyo hawazisukumi. Nakala moja safi, unaipeleka TikTok, Reels, Shorts na statusi ya WhatsApp.

Statusi usiidharau hata kidogo. Watazamaji 70 wa statusi ni watu wenye namba yako, wanajua unakaa wapi, na wana binamu anayeoa.

Hatua ya 7: Kuposti

Tatu kwa wiki zinatosha, ukiweza kuzishikilia miezi mitatu bila kukatika. Mimi narekodi Jumapili, naedit Jumatatu usiku, naposti Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Muda, jaribu saa moja usiku mpaka saa tatu watu wakiwa wametulia, kisha angalia takwimu zako mwenyewe maana wateja wa saluni na wateja wa mashamba hawashiki simu saa zile zile.

Kapsheni iwe na maneno ambayo mtu angeyaandika akitafuta: "lebo za asali Dar es Salaam, kuchapisha lebo chache, lebo zisizolowa". Alama za reli (hashtag) tatu nne zinazohusu, zile za "fyp" kumi na tano ni kupamba tu. Saa moja ya kwanza kaa ujibu komenti zote, na swali zuri lijibu kwa video, TikTok ina sehemu ya kujibu komenti kwa video kabisa, unapata wazo la bure na yule aliyeuliza anajiona mtu.

Ikipata watazamaji 200 usiifute. Zangu kadhaa zililala wiki tatu zikaamka zenyewe, na moja imekuwa ikiniletea mtu mmoja mmoja kwa mwaka na zaidi kwa sababu watu wanaitafuta kwa jina la shida.

Hatua ya 8: Kutoka "bei gani" mpaka hela mkononi

Hapa ndo nilipopigwa sana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu akiandika "Habari kaka, nimeona video yako ya lebo, bei gani?" usijibu "inategemea". Mimi najibu hivi, nimeihifadhi kwenye majibu ya haraka:

"Salama dada yangu, karibu sana. Kubuni lebo ya bidhaa moja ni 60,000, unapata mifano miwili na marekebisho mara mbili, siku 4 za kazi. Kuchapa ni gharama ya pembeni kulingana na idadi. Bidhaa yako ni ipi na unaihitaji lini? Ukiwa na picha ya chupa nitumie."

Bei, unachopata, mwisho wa marekebisho, muda, halafu swali. Swali ndo linamrudisha. Akisema "punguza kaka" usishushe bei ile ile kazi ile ile, punguza kazi: mfano mmoja badala ya miwili, 45,000. Akisema "nifanyie tu nitakutangaza", mshukuru kwa heshima, mwambie matangazo unayafanya mwenyewe, si ndo maana amekuona.

Adivansi nusu kabla ya kufungua kompyuta. Hii nilijifunza kwa mteja aliyepokea kazi nzima kwenye kompyuta yangu, akaipiga picha kwa simu, akaenda kuichapa kwingine. Sa hivi mfano naotuma una maandishi makubwa yamepita katikati na ni picha ndogo, faili la kuchapia linatoka salio likishaingia. Likiingia angalia salio lako lenyewe, usiamini meseji. Kuna meseji za uongo zinazofanana kabisa na za mitandao ya simu, kisha mtu anapiga "kaka nimezidisha, nirudishie elfu thelathini". Fungua menyu, hakiki, ndo uongee.

Kadiri unavyojulikana watakuja pia wale wa "kampuni kubwa inataka kushirikiana na wewe, fungua hili faili" au "nitumie namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako". Hao wanaiba akaunti. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo hii, TikTok, Instagram, WhatsApp zote, na namba ya siri iliyotumwa kwa simu yako haipewi mtu yeyote hata akijiita nani.

Ukipata kampuni ya kweli watakuomba TIN (namba ya mlipakodi) na invoisi. TIN inatolewa bure TRA, mamlaka ya mapato. Usishtuke ukiona wamekulipa pungufu, kwenye malipo ya huduma wanakata 5% ya kodi ya zuio, waombe cheti chake maana kinahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Wateja walio nje, mfano ndugu wa London anayeandaa harusi ya Tanga, mara nyingi wanaweza kutuma moja kwa moja kwenye akaunti yako ya simu kwa huduma kama WorldRemit, ila mkubaliane njia na nani anabeba makato kabla hujaanza, sio baada.

Hatua ya 9: Daftari

Nina daftari la kawaida la mistari, safu tano: tarehe, video ipi, wangapi waliandika "bei gani", wangapi walilipa, jumla ya hela. Na kila mteja mpya namuuliza "ulinionea wapi?" Ukifika video 30 kaa chini ulisome. Mimi liliniambia kwamba video za "kwa nini bei ni hii", ambazo zina watazamaji wachache kuliko zote, ndo zilileta waliolipa bila kubishana. Nisingejua, takwimu za programu zilikuwa zinaniambia niachane nazo. Angalia pia zilizohifadhiwa na zilizotumwa kwa mtu mwingine, anayehifadhi video ya lebo ana chupa nyumbani.

Kama video 30 zimepita na hata "bei gani" moja hamna, usinunue kamera. Rudi hatua ya 1, nenda sokoni, sikiliza tena, inawezekana unaongea na mafundi wenzako kama nilivyokuwa mimi.

Hatua ya 10: Usijenge kwenye kiwanja cha mtu

Vine, programu ya video fupi ya kabla ya TikTok, ilikuwa na mastaa wake, Januari 2017 ikafungwa. India waliizima TikTok Juni 2020 ikiwa na mamilioni ya watu, wengine ndo ilikuwa kazi yao ya kila siku. Marekani Januari 2025 ilizimika kwa saa kadhaa ikarudi. Na hata isipozimwa, akaunti inaweza kuripotiwa na mtu mwenye wivu ukaamka haipo.

Kwa hiyo kila aliyekuandikia, hata asiponunua, hamishia namba yake kwenye simu kwa jina na bidhaa, "Mama Rehema sabuni", "Juma viungo". Tengeneza orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi kwenye WhatsApp, moja inabeba watu 256, na kila mwezi kabla ya msimu watumie video moja tu na maneno mawili ya kibinadamu, sio kila siku watakublock. Ila kuna kitu wengi hawakijui, ujumbe wa orodha ile unamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Ndo maana nikishamkabidhi mteja kazi namwambia, "Dada, seva namba yangu hapo, andika LEBO mbele ya jina, siku ukitaka kuchapa tena usihangaike kunitafuta TikTok." Nasubiri aandike nikiwa naona, ndo naondoka.